Muulize Mwalimu: “Nani alikuwepo?”

Barua za safari hii ni nne, na zote zinazunguka jambo moja: ulimwengu ulianzaje na utaishaje. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, maana imebeba ubishi wenyewe.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Kigamboni. Kijiwe chetu cha kahawa kina ubishi wa wiki ya pili sasa. Kijana wa kidato cha tano aliyekuja likizo alituambia ulimwengu ulianza kwa mlipuko miaka bilioni 13.8 iliyopita. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akamuuliza swali moja tu: “Nani alikuwepo?” Kijana akanyamaza, watu wakacheka, mimi nikamwonea huruma. Mwingine akasema ulimwengu haukuanza wala hautaisha, uko hivi hivi siku zote. Je, mzee ana haki? Na kama mlipuko ulikuwepo kweli, ulitokea upande gani? — Fundi, Kigamboni*

Marahaba fundi. Mfikishie kijana huyo salamu zangu, umwambie asione haya. Nimefundisha fizikia miaka 31, na karibu kila mwaka nilipoifikia mada hii alitokea mwanafunzi wa kuuliza hilo hilo, “Nani alikuwepo?” Niliwapenda wote. Mtu anayeuliza hivyo hataki kumezeshwa, na wataalamu wakubwa wa dunia walibishana karibu miaka 40 kabla ya kupata jibu la kumtosha mtu kama yeye.

Hakuna aliyekuwepo. Lakini wewe ni fundi. Ukiletewa gauni lililofumuliwa, unatazama matundu ya sindano, unatazama ule mstari wa upindo ambao jua halikuufikia, na unasema hili lilikuwa na marinda, lilikuwa refu, lilipunguzwa mara mbili. Siku ya kulishona hukuwepo. Ulimwengu nao una matundu yake ya sindano, nami nitakuonyesha mawili kwa karibu.

Tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, ukate utepe mrefu kama ule wa kufungia manati. Uutandaze mezani bila kuuvuta, na utie nukta za chaki kila sentimita 5. Ncha moja ishikishe kwenye msumari wa mlango, ncha nyingine uivute mpaka utepe uwe mara mbili ya urefu wake. Sasa pima. Nukta iliyokuwa sentimita 5 kutoka kwenye nukta uliyoichagua iko 10, imesogea 5. Iliyokuwa 10 iko 20, imesogea 10. Iliyokuwa 20 imesogea 20, na zote zimesogea kwa muda ule ule mmoja. Kadiri nukta inavyokuwa mbali ndivyo inavyokukimbia kwa kasi zaidi. Kisha chagua nukta nyingine yoyote uifanye ndiyo wewe, upime upya. Utapata majibu yale yale. Kila nukta inajiona imesimama katikati na wenzake wote wanaikimbia. Darasani nilikuwa napitisha utepe huo meza kwa meza, na nimeona nyuso za watoto zikibadilika mikononi mwangu.

Ndivyo galaksi zilivyo. Galaksi ni kundi la mabilioni ya nyota. Hili letu tunaliona usiku kama ule mkanda mweupe unaokata anga. Vesto Slipher, huko Arizona, alianza mwaka 1912 kupima mwanga wa galaksi nyingine na akakuta nyingi zinatukimbia. Umbali wake uliwezekana kupimwa kwa sababu ya mama mmoja, Henrietta Leavitt, aliyekuwa akikagua picha za nyota kwenye vioo katika Chuo Kikuu cha Harvard. Aligundua kwamba kuna nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, na kila inayochukua muda mrefu zaidi kupanda na kushuka ndiyo yenye mwanga mwingi zaidi. Basi ukipima muda wake unajua ukali wake halisi, na ukiulinganisha na unavyouona kutoka hapa unajua iko mbali kiasi gani. Nyota alizozichunguza zilikuwa katika Wingu Dogo la Magellan, na wingu hilo sisi tunaliona kwa macho upande wa kusini, usiku wa Desemba, mahali pasipo na taa. Ulaya yote hailioni. Nalitaja kwa sababu watoto wetu hudhani anga la wataalamu ni jingine.

Mwaka 1927 padri mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, aliandika kwamba ulimwengu wenyewe unapanuka, utepe mzima unavutika. Aliandika kwa Kifaransa katika jarida lililosomwa na wachache. Mwaka 1929 Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mlima Wilson huko California, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kanuni ile ya nukta za chaki. Baada ya hapo hesabu ilikuwa moja: kama leo vinaachana, zamani vilikaribiana, na zamani zaidi vilibanana.

Hapo ndipo napata jibu la upande gani. Rudi kwenye utepe, uulegeze. Je, kuna nukta moja ambayo nyingine zote zilitokea? Hakuna. Utepe mzima ulikuwa mfupi. Mlipuko Mkuu ulitokea hapo kijiweni kwenu, na hapa Tanga, na kwenye galaksi ya mbali kuliko zote, kwa wakati mmoja, kwa kuwa mahali pote hapo palikuwa pamebanana. Neno “mlipuko” limetuponza. Linamfanya mtu aone baruti na giza la kulipukia. Jina hilo alilitoa Fred Hoyle, Mwingereza aliyeipinga hoja hiyo, akizungumza kwenye redio ya BBC Machi 1949. Sisi tumelitafsiri kama lilivyokuja, na kosa lake likaja nalo.

Sasa Hoyle ndiye mwenzake huyo jamaa yenu aliyesema ulimwengu uko hivi hivi siku zote. Msimcheke. Mwaka 1948, Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walitoa hoja kwamba galaksi zinaachana kweli, lakini kila nafasi inapopatikana maada mpya hutokea kidogo kidogo kuijaza, basi ulimwengu hauna mwanzo na sura yake haibadiliki. Mwaka huo huo George Gamow na wenzake walikuwa wakipiga hesabu za ulimwengu ulioanza na joto kali, na vijana wake wawili, Ralph Alpher na Robert Herman, wakaandika kwamba joto lile lisingepotea lote. Lazima lingebaki uvuguvugu kila mahali, nyuzi chache tu juu ya sifuri halisi, ile baridi ambayo chini yake hakuna baridi nyingine. Waliandika, na karibu hakuna aliyekwenda kuutafuta.

Hapa ndipo pa kumjibu mzee. Ukiingia nyumba ya watu ukaikuta tupu, ukaenda jikoni ukagusa mafiga ukayakuta ya uvuguvugu, hutauliza nani alikuwepo. Unajua palikokwa moto, na ukijua mafiga hupoa kwa kasi gani, utajua ulikokwa saa ngapi.

Mafiga yaliguswa Holmdel, katika jimbo la New Jersey, Marekani, mwaka 1964. Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena yenye umbo la baragumu kubwa, iliyojengwa kwa ajili ya mawasiliano ya setilaiti. Walitaka kupima mawimbi ya redio ya anga, na kila walipopima walikuta mvumo mdogo usioisha. Waligeuza antena upande wa jiji la New York, mvumo ule ule. Waliigeuza juu, mvumo ule ule, usiku na mchana, kiangazi na masika. Wakakuta njiwa wawili wamejenga kiota ndani ya baragumu na kuipaka kinyesi. Wakawakamata, wakawapeleka mbali, njiwa wakarudi. Wakasugua kinyesi chote, wakaziba viungo vya bati kwa utepe wa alumini. Mvumo haukupungua kwa maana yoyote.

Katika jimbo hilo hilo, kwenye Chuo Kikuu cha Princeton, Robert Dicke na vijana wake walikuwa wakiunda chombo cha kuutafuta uvuguvugu wa mwanzo. Habari za mvumo zilipomfikia Dicke kwa simu, alijua papo hapo kwamba wametanguliwa. Makala za pande zote mbili zilitoka mwaka 1965, na Penzias na Wilson wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Kipimo cha leo ni nyuzi 2.7 juu ya sifuri halisi, yaani karibu nyuzi 270 chini ya ule ubaridi wa barafu. Uvuguvugu huo ni mwanga ulioanza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi na joto la nyuzi kama 3,000. Tangu hapo utepe umevutika mara 1,100, na wimbi la mwanga likavutika pamoja nao mpaka limekuwa wimbi la redio.

Wewe mwenyewe umeliona, fundi, kama umri wako unafika 30. Unakumbuka televisheni zetu za zamani, kabla ya ving’amuzi? Ukiitoa kwenye stesheni, kioo kinajaa chenga na sauti inafanya “shaaa”. Kati ya chenga 100 zile, kama moja hivi ililetwa na mwanga huu. Mzee wenu naye, kama alikuwa na televisheni sebuleni, mafiga ya mwanzo wa ulimwengu yalikuwa yakimwonyesha joto lake kila alipokuwa akitafuta taarifa ya habari.

Tundu la tatu nitalipita haraka: hesabu za dakika chache za mwanzo zinadai kwamba robo ya uzito wa maada ya kawaida iwe heli na sehemu kubwa ya iliyobaki iwe hidrojeni, na ndivyo inavyokutwa katika gesi kongwe za angani. Hoja ya Hoyle ya ulimwengu usio na mwanzo haikuweza kueleza mvumo ule bila kukunjakunja mambo. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 2001 hajakubali. Namheshimu hata hivyo, kwa sababu ni yeye, pamoja na Margaret na Geoffrey Burbidge na William Fowler, walioonyesha mwaka 1957 jinsi kaboni, oksijeni na chuma vinavyopikwa ndani ya nyota. Chuma cha sindano yako na chuma cha damu yako kilitoka huko, na aliyetusaidia kukijua ni mtu aliyeshindwa kwenye ubishi mwingine.

Kuhusu ile bilioni 13.8 ya kijana wenu, msiwaachie watu waseme imetoka hewani. Imetokana na kuusoma uvuguvugu ule kwa vyombo vilivyorushwa angani, cha mwisho kikiwa Planck cha Ulaya kilichorushwa mwaka 2009. Ubishi haujaisha kabisa. Wanaopima kwa uvuguvugu wanapata kwamba kasi ya kupanuka leo ni kama kilomita 67 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26, wanaopima kwa nyota wanapata kama 73. Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja. Tofauti hiyo imewakosesha wataalamu usingizi kwa miaka kadhaa, na hakuna upande unaokubali kwamba umepima vibaya.

*Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Mombasa. Nikisoma habari za Mlipuko Mkuu naingiwa na hofu kwamba nakufuru. Na wapo ndugu wanaonitumia video zinazosema jambo hilo limo ndani ya Kitabu tangu zamani, basi niamini bila wasiwasi. Nishike lipi? — Muuguzi, Mombasa*

Wa alaykum salaam mwanangu. Nitakujibu kama mtu anayeswali, maana barua yako haikuulizwa kwa mzaha.

Kwanza hofu iondoke. Mlipuko Mkuu haudai kwamba kitu kilijitokeza chenyewe kutoka pasipo na kitu. Unaeleza jinsi ulimwengu uliokuwa na joto na mbanano mkubwa ulivyopanuka na kupoa ukawa huu. Ukisukuma nyuma mpaka sehemu ndogo kabisa ya sekunde ya kwanza, hesabu tulizonazo zinavunjika, na kwa nini kuna kitu chochote badala ya kukosekana kila kitu ni swali ambalo darubini hazikuwahi kupewa. Hapo imani yako haijaguswa.

Pili, hizo video. Najua aya wanazozitaja, ya 30 ya Suratul Anbiyaa, inayosema mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa. Naisoma na moyo wangu unatetemeka. Lakini sitaifunga na nambari ya mtu wa maabara, nami nina sababu, na sababu yangu naichukua kwa yule padri Lemaître.

Novemba 1951 Papa Pius wa 12 alihutubia chuo cha sayansi cha Vatikano, akazungumza kana kwamba sayansi sasa imeshuhudia kuumbwa kwa ulimwengu. Ungedhani Lemaître, padri na mwenye hoja yenyewe, angefurahi. Alifadhaika. Kwake hoja ile ilikuwa ya fizikia, ya kupimwa, na huenda kesho ikarekebishwa au ikaanguka. Mtu akiijenga imani juu yake, siku ya kurekebishwa imani itatikiswa bila sababu. Alifikisha maoni yake Roma, na Papa alipohutubia mkutano wa wataalamu wa nyota wa dunia mwaka uliofuata hakurudia maneno yale. Mtu huyu alikuwa akisoma misa na kupiga hesabu za ulimwengu katika maisha yale yale, na hakuona haja ya kuvishonea pamoja.

Lemaître alizoea kukataliwa kwa pande zote. Mwaka 1927, mjini Brussels, Einstein alimwambia hesabu zake ziko sawa lakini fizikia yake inachukiza. Wengine walimshuku kwa kanzu yake, wakaona anaingiza dini kwa mlango wa nyuma. Juni 1966, akiwa mgonjwa kitandani, rafiki yake Odon Godart alimletea habari ya ule mvumo wa Holmdel. Akafa siku chache baadaye akiwa amejua. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, na bado huwa nasimama hapo kidogo kabla ya kuendelea.

Basi mwanangu, swali, soma, pima wagonjwa wako joto, na usome habari za joto la ulimwengu. Mtu asikutishe kwa upande wowote.

*Mwalimu shikamoo. Nasoma Mwanza. Kitabu tulichoachiwa na kaka zetu kinasema ulimwengu utafika mahali utasimama, kisha utajikunja urudi ulivyokuwa. Rafiki yangu anasema hapana, utapanuka milele mpaka kila kitu kigande. Mtihani ukija tuandike nini? — Mwanafunzi, Mwanza*

Marahaba. Kitabu chenu ni cha zamani, na mimi nina deni hapo, kwa sababu niliwafundisha watoto wengi habari hiyo ya kujikunja, tena kwa uhakika. Nilikuwa nikirusha chaki juu, inasimama, inaanguka mkononi, nasema “ndivyo ulimwengu utakavyofanya”. Tulidhani mvutano wa maada yote lazima unapunguza kasi, na lililobaki ni kujua unapunguza kwa kiasi gani. Wote niliowafundisha hivyo, mkisoma hapa, nawaomba radhi na nawaomba msome haya yafuatayo.

Wewe wa Mwanza una bahati ya mfano. Usiku wa giza nenda ufukweni utazame taa za wavuvi wa dagaa ziwani. Chukulia kila mtumbwi una karabai ya aina moja, imepampiwa sawa. Ile unayoiona kali iko karibu, ile inayofifia iko mbali, na ukijua ukali wa karabai moja unaweza kukadiria umbali wa zote bila kulowa miguu. Angani kuna karabai za namna hiyo. Kuna nyota ndogo iliyokwisha kuni zake, ikinyonya maada kutoka kwa mwenzake mpaka inafika kiwango kinachoilipua. Kwa kuwa kiwango hicho ni karibu kilekile, milipuko hiyo hufanana ukali, na huonekana kutoka mbali ajabu.

Miaka ya 1990 makundi mawili yalizitafuta taa hizo, moja likiongozwa na Saul Perlmutter, jingine na Brian Schmidt akiwa na Adam Riess. Walikwenda kupima chaki inavyopunguza mwendo. Mwaka 1998 wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, walikuta taa za mbali zimefifia kuliko inavyotakiwa, yaani ziko mbali kuliko hesabu ilivyodai. Chaki iliyorushwa juu ilikuwa inazidi kukimbia kwenda juu. Fikiria unairusha chaki darasani, inapita dari, inaongeza kasi, inapotea. Hao watatu walipewa Nobel mwaka 2011, na kinachoisukuma chaki kimepewa jina la nishati giza. Kwa hesabu za leo hiyo nishati ni kama asilimia 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Asilimia 27 ni maada giza, isiyotoa mwanga lakini ina mvutano. Nyota zote, bahari zote, wewe, mimi na dagaa wa Mwanza tumo katika ile 5 iliyobaki.

Kama nishati hiyo haibadiliki, rafiki yako ameshinda. Galaksi za mbali zitatoweka moja baada ya nyingine nje ya upeo ambao mwanga wake unaweza kutufikia. Jua letu litakuwa limevimba na kuzimika zamani, kiasi cha miaka bilioni 5 kutoka sasa, na bahari za Dunia zitakuwa zimekauka mapema zaidi ya hapo. Nyota ndogo nyekundu zitaendelea kuwaka kwa matrilioni ya miaka, kisha nazo zitazimika, na itabaki baridi na giza lisilo na mwenyeji. Watu wa siku hizo, kama watakuwepo, hawataona galaksi zinazokimbia, na uvuguvugu wa mafiga utakuwa umepoa kiasi cha kutopimika. Watakuwa na akili kama zetu na hawatakuwa na njia ya kujua kwamba kulikuwa na mwanzo. Hilo linanigusa kuliko giza lenyewe.

Galaksi jirani yetu, Andromeda, haimo kwenye kundi la zinazokimbia, kwa sababu iko karibu, miaka ya nuru milioni 2.5, na mvutano unaileta kwetu kwa kilomita 110 kila sekunde. Itafute mwezi wa Novemba, saa tatu usiku, upande wa kaskazini, kama doa hafifu la mwanga. Vitabu vilisema itagongana nasi bila shaka. Utafiti wa mwaka 2025 unasema ndani ya miaka bilioni 10 ijayo nafasi ni nusu kwa nusu.

Sasa andika hivi kwenye mtihani: ulimwengu unapanuka na kasi yake inaongezeka, na ushahidi ni nyota zinazolipuka zilizopimwa mwaka 1998. Ukiwa na dakika ya ziada, ongeza kwamba kuna darubini huko Kitt Peak, Arizona, yenye chombo kiitwacho DESI, kinachopima mwanga wa galaksi 5,000 kwa mpigo mmoja kwa nyuzi za kioo. Matokeo yake ya mwaka 2024 na 2025 yanadokeza kwamba nishati giza huenda inadhoofika kadiri muda unavyokwenda. Hayajafikia kiwango cha uhakika ambacho wanafizikia hukiita ugunduzi. Yakithibitika, mlango wa kujikunja ambao niliufunga hapo juu utafunguka tena kidogo, na mimi nitaandika tena hapa hapa.

*Mwalimu, hujambo? Niko Malindi. Babu yangu alikuwa akisema roketi ya kutafuta nyota ilirushwa hapa kwetu baharini. Ni kweli au ni hadithi za wazee? — Msomaji, Malindi*

Sijambo. Babu yako alisema kweli tupu. Waitaliano waliweka jukwaa la chuma baharini mbele ya Ngomeni, likaitwa San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo kwa roketi. Kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Marjorie Townsend ndiye aliyesimamia mradi huo. Kurushia karibu na ikweta kuna faida, kwa sababu Dunia inazunguka kwa kasi zaidi hapa na inaisukuma roketi bure.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta miale ya eksirei angani, ambayo hewa yetu haiiruhusu kufika chini. Ilifanya kazi mpaka Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Ndiyo iliyosaidia kuona kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Ndiyo iliyoona pia gesi yenye joto kali imejaa katikati ya makundi ya galaksi, gesi ambayo ingekwisha kutawanyika kama isingeshikwa na mvutano mkubwa kuliko wa nyota zinazoonekana. Maada giza ninayomwandikia mwanafunzi wa Mwanza ina ushahidi wake mmojawapo uliopita juu ya paa la babu yako.

Siku ile ilikuwa ya sikukuu, watu wa Ngomeni walikuwa nyumbani, na jukwaa linaonekana kutoka ufukweni. Kama kuna mzee au bibi yeyote aliyeiona Uhuru ikipaa, au aliyefanya kazi ya kubeba, kupika au kuendesha mashua ya kwenda jukwaani, naomba mjukuu wake ampe karamu ya chai, akae naye, amwandikie anayoyakumbuka: ilikuwa saa ngapi, moshi ulikuwa wa rangi gani, sauti ilifika lini baada ya mwanga. Nitayachapa hapa yote. Na fundi wa Kigamboni amsomee yule mzee wa kijiweni, kwa sababu hapo safari hii tutakuwa na mtu aliyekuwepo.